SOMO: Kuvuna, kukausha na kubadilishana mbegu za mboga (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakulima wenzangu wa bustani, kila msimu napata maswali yale yale. "Mbegu ulizonipa hazijaota." "Nimepanda mbegu za nyanya yangu tamu, imetoka nyingine kabisa." "Nikaushe siku ngapi?" Nimemjibu kila mtu peke yake mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naweka yote mahali pamoja. Atakayeuliza kilichomo humu nitamtajia namba ya hatua tu, na asinione mkali.

Hatua ya 1. Mjue mama wa mbegu. Pakiti ikiandikwa F1, hiyo ni chotara, yaani kizazi cha kwanza cha aina mbili zilizochanganywa. Mimea ya F1 hufanana yote, lakini ukipanda mbegu zake, sifa za babu na bibi hurudi kwa mafungu. Gregor Mendel aliliandika hili mwaka 1866 baada ya miaka ya kuchanganya njegere: za mbegu duara na za mbegu zenye mikunjo zilizaa duara tupu, kisha kizazi kilichofuata mikunjo ikarudi, takribani mbegu moja katika kila nne. Kupanda mbegu za chotara si kosa, hata mimi hupanda nione kitakachotoka. Kosa ni kumpa mwenzako na kumwambia ni aina ile ile.

Hatua ya 2. Anza na zinazojichavusha, yaani chavua (unga wa ua) hutoka kwenye ua lile lile. Nyanya, maharage, njegere, letusi. Pilipili si salama hivyo, nyuki huichanganya mara nyingi. Ukiwa na pilipili kali na hoho jirani, vika tawi moja mfuko wa wavu mwepesi kabla maua hayajafunguka, litikise kila siku, na tunda likishika toa mfuko kisha funga uzi kwenye kikonyo ili usilisahau.

Hatua ya 3. Za nyuki na za upepo, usibahatishe. Maboga, zukini na matango huchavushwa na nyuki, na nyuki haulizi aina. Ukitaka mbegu safi ya boga, jioni tafuta ua jike (lina kiboga kidogo chini yake) na ua dume yatakayofunguka kesho. Utayajua kwa ncha iliyoanza kuwa ya njano. Yafunge yote mawili kwa uzi. Asubuhi na mapema chuma ua dume, libandue petali, mpakaze jike chavua, kisha mfunge tena ua jike na uweke alama. Mahindi huchavushwa na upepo na yanataka mimea mingi, mia na zaidi, la sivyo kizazi hudhoofika. Kama una mistari miwili tu, kula mahindi yako. Kabichi, sukuma wiki, brokoli na koliflawa ni spishi moja. Zikichanua pamoja, zinachanganyika.

Hatua ya 4. Chagua mmea, si tunda. Watu hula matunda mazuri na kuacha yaliyobaki kwa mbegu. Fanya kinyume chake: mmea bora kuliko yote ufungie kitambaa mapema, na kila mtu nyumbani ajue huo hauchumwi. Letusi iliyochanua mapema kuliko nyingine usiichukue mbegu, utakuwa unachagua uharaka huo huo. Mmea wenye majani ya batobato (mabaka mabaka) uache kabisa. Virusi vya batobato vya maharage na vya letusi hupita ndani ya mbegu.

Hatua ya 5. Subiri ikomae. Nyanya ikiiva ya kula imeiva na ya mbegu. Tango tunalokula ni bichi, la mbegu liache mpaka liwe la njano na zito. Maharage, mpaka yagongane ndani ya ganda. Boga likivunwa, liweke wiki tatu zaidi kabla ya kulipasua.

Hatua ya 6. Toa na safisha. Mbegu za nyanya zikamulie kwenye glasi pamoja na maji yake, ziache zichachuke siku mbili au tatu, koroga kila siku, kisha jaza maji: nzima huzama, tupu huelea. Zisipitilize, zitaanza kuota humo humo. Nyingine osha tu, au pura na upepete.

Hatua ya 7. KUKAUSHA. Hapa naomba mtulie. Msimu mmoja nilivuna maharage mazuri kuliko yote niliyowahi kulima. Niliyaanika siku tatu, nikayashika, yakawa makavu mkononi. Nikayagawa kwenye vifuko vya plastiki, nikavifunga, nikawapa watu wanane. Kumbe ganda la nje ndilo lililokauka, moyo ulikuwa bado na maji. Nilipofungua changu baada ya wiki kadhaa harufu ya ukungu ilinijibu kabla sijatazama. Hakuna hata mmoja wa wale wanane aliyepata mche, na wengine walikuwa wametenga tuta zima kwa ajili ya mbegu zangu. Msimu wao ukapotea. Bado inaniuma. Kwa hiyo:

Siku si kipimo. Kipimo ni mbegu yenyewe. Punje ya harage igonge kwa nyundo: ikivunjika vipande kama kigae, tayari, ikibonyea, bado. Mbegu ya boga ikunje: ikikatika kwa mlio, tayari, ikipinda, bado. Za nyanya zitiririke kwenye sahani bila kushikana.

USIANIKE kwenye jua kali la mchana, wala kwenye oveni, wala juu ya jiko. Joto likipita nyuzi 35 za Selsiasi unaanza kuua kilicho ndani huku nje pakionekana pazuri. Tafuta kivuli chenye upepo, au feni. USITANDAZE za nyanya kwenye karatasi laini, zitagandana nayo. Tumia sahani ya udongo au chujio la waya. Zigeuze kila siku.

Kama hewa yenu ina unyevunyevu muda wote, kuanika peke yake hakutoshi. Chukua jeli ya silika (vipunje vinavyofyonza unyevu) yenye uzito sawa na mbegu, weka vyote kwenye chupa ya kioo, mbegu zikiwa ndani ya bahasha ya karatasi, funga kwa wiki moja. Huna silika? Mchele uliokaushwa kwenye oveni na kupozwa ndani ya chupa iliyofungwa hufanya kazi hiyo hiyo, ila uwe mwingi.

Hatua ya 8. Hifadhi. Pakavu, pa baridi, gizani. Mtaalamu wa mbegu James Harrington alitoa kanuni ambayo mimi huishikilia: kila asilimia 1 ya unyevu unayoipunguza ndani ya mbegu huongeza maisha yake takribani mara mbili, na kila nyuzi 5 hivi za joto unazoshusha, vivyo hivyo. Ndiyo maana hatua ya 7 ni ndefu. Kitunguu hakikai, kitumie ndani ya mwaka au miwili. Maharage miaka mitatu hivi, nyanya na matango mitano na kuendelea.

Hatua ya 9. Jaribu kabla ya kugawa. Mbegu 10, karatasi yenye unyevu, mfuko, mahali pa vuguvugu, siku 7 hadi 10. Hesabu zilizoota.

Hatua ya 10. Bahasha. Andika: zao, jina la aina, mwaka wa kuvuna, ilitengwa au haikutengwa (yaani ulizuia isichanganyike na aina nyingine au hukuzuia), imeota ngapi kati ya 10. Kama hujui jina, andika "sijui jina" na ueleze tunda lilivyo. Usitunge jina. Jina la kutunga likishapita mikono mitatu halirudi tena, na aina mbili tofauti zitaitwa kitu kimoja milele.

MASWALI YA WANACHAMA

Bustani Ndogo: Asante mwalimu. Kwa hiyo maharage nikaushe siku ngapi?

Jibu: Hatua ya 7. Nyundo.

Mgeni Humu: Sijasoma lote ni refu, ila nina nyanya ya F1 tamu sana, nataka nigawe mbegu zake wiki hii.

Jibu: Hatua ya 1, kisha hatua ya 10. Ukigawa, andika "mbegu kutoka F1" kwa herufi kubwa.

Maji ya Jioni: Swali langu labda la kitoto. Ndani ya nyanya kuna maji na joto. Kwa nini mbegu haziotei humo?

Jibu: Si la kitoto hata kidogo, nimefurahi umeuliza. Ule ute unaoizunguka mbegu una vizuizi vya kuota, na maji ya tunda yana chumvi na sukari nyingi kiasi kwamba mbegu haiyanywi kwa urahisi. Nyanya inailinda mbegu mpaka tunda lioze na ute uishe. Tunapochachusha kwenye glasi tunaiga kule kuoza. Pasua nyanya iliyokaa sana baada ya kuiva: mara nyingine utakuta vimizizi vyeupe ndani, kizuizi kimeisha nguvu. Zikiwa nzima zitie kwenye udongo, zitaendelea.

Maji ya Jioni: Na nikipanda tango karibu na boga, tango litakuwa na ladha ya boga?

Jibu: Hapana, kwa sababu mbili. Tango na boga hazizaliani. Na hata zukini ikichavushwa na boga la spishi yake, tunda la msimu huu hubaki la mama yake, mabadiliko yako ndani ya mbegu. Mahindi ni tofauti, kwa kuwa unachokula ni mbegu yenyewe: mahindi meupe yakipata chavua ya manjano utaziona punje za manjano kwenye gunzi hilo hilo.

Tuta la Tatu: Mimi nilipokea mbegu zako za hoho msimu uliopita. Hazikuota hata moja. Halafu leo unatufundisha!

Jibu: Bahasha zile nilizijaribu, ziliota 9 kati ya 10, na niliandika hivyo. Ulizihifadhi wapi?

Tuta la Tatu: Juu ya friji jikoni, zilikaa kama miezi mitano.

Jibu: Juu ya friji pana joto mchana na usiku, na jikoni pana mvuke. Hatua ya 8. Nitakutumia nyingine, nataka uzione zikiota, ila safari hii ziweke chumbani, ndani ya chupa iliyofungwa.

Jembe Butu: Zukini zangu za mbegu za mwaka jana ni chungu ajabu. Nikichemsha sana uchungu utatoka?

Jibu: USILE. Ng'oa mmea huo na mbegu zake zote utupe. Zukini na baadhi ya viboga vidogo vya mapambo ni spishi moja, na nyuki wakizichanganya, kizazi kinachofuata kinaweza kurudisha kukabitasini, sumu chungu ambayo haitoki kwa kupika. Inaleta matapishi na kuhara kukali. Jirani yako akiwa na viboga vya mapambo, usivune mbegu za zukini bila kufunga maua kama hatua ya 3. Na kama ulimgawia mtu mbegu hizo, mwambie leo.

Jembe Butu: Niliwapa wawili. Nawaandikia sasa hivi.

Jibu: Umefanya vizuri.

Pakiti Tano: Nina rafiki nchi nyingine, nimtumie kwa posta kimya kimya? Mbegu kidogo tu.

Jibu: Usifanye. Nchi nyingi zinadai cheti cha afya ya mimea, na sababu yake ni ya kweli: mbegu moja inaweza kubeba ugonjwa ambao huko haupo. Uliza kwanza mamlaka ya kilimo ya pande zote mbili.

Mama wa Kitalu: Nichangie kidogo. Wino hufifia. Mimi huandika kwa penseli, mara mbili, juu ya bahasha na kwenye kikaratasi ndani. Na kwa wanaosumbuliwa na fukusi: maharage yakiwa yamekauka kabisa, yatie kwenye friza wiki moja.

Jibu: Asante sana mama, hilo la kikaratasi cha ndani nalichukua. Nasisitiza neno lake: YAMEKAUKA KABISA. Maharage yenye maji yakiganda hufa. Na ukiitoa chupa kwenye friza usiifungue mpaka ifikie joto la chumba, usiku mzima ukiweza, maana hewa ya nje itageuka maji juu ya mbegu.

Mvua za Mwanzo: Je, mbegu inaweza kuishi muda gani? Kuna kikomo?

Jibu: Mwaka 1879 William James Beal, mtaalamu wa mimea huko Michigan, Marekani, alifukia chupa 20 za mbegu za magugu ili zifukuliwe moja moja. Iliyofukuliwa 2021, baada ya miaka zaidi ya 140, bado ilikuwa na mbegu zilizoota. Hayo ni magugu lakini, mboga zetu hazina uvumilivu huo.

Mvua za Mwanzo: Nauliza kwa sababu nimekuta kopo la maharage ya marehemu bibi. Yana miaka 12. Yalikuwa madoadoa mekundu, sijayaona kwa mtu mwingine. Zipo punje 31.

Jibu: Usiyaloweke! Maharage yaliyokauka miaka mingi yakipewa maji ghafla hupasuka ndani. Chukua 15, zilizobaki rudisha kwenye kopo. Hizo 15 ziweke kwenye sahani ndani ya sanduku lenye kitambaa kibichi pembeni, zisiguse maji, siku mbili zivute unyevu wa hewa. Kisha zilaze kwenye karatasi yenye unyevu kidogo, vuguvugu, na uzitazame kila siku kwa wiki tatu. Itakayooza itoe haraka. Itakayotoa mzizi ipande siku hiyo hiyo kwenye chungu chake, kwa udongo mwepesi. Maharage hujichavusha, kwa hiyo mche mmoja unatosha kuanza upya. Niandikie siku yoyote, hata usiku. Na mche huo ukizaa, msimu wa kwanza msile hata ganda moja.