Usisaini Karatasi ya Pampu ya Maziwa Ukiwa na Usingizi

Kadi yangu ilikataa dukani nikiwa na pakiti mbili za nepi mkononi. Nyuma yangu foleni inapumua. Nikafungua programu ya benki palepale na kukuta dola 85 zimekatwa, mwezi baada ya mwezi, mara sita. Aliyekuwa anakata ni kampuni iliyotukodisha pampu ya kukamulia maziwa. Na pampu yenyewe ilikuwa kabatini nyuma ya masweta, haijaguswa na mtu tangu mwezi wa pili wa kuikodi.

Najua shangazi zangu watasema haya si mambo ya mwanamume. Ni kweli, sinyonyeshi. Lakini karatasi niliisaini mimi, na walioko hapa Marekani wanaosubiri mtoto ndio nawaandikia, mama na baba pia, maana siku hiyo mama hatakuwa na nguvu ya kusoma chochote.

Mtoto wetu alizaliwa njiti, wiki ya 31. Siku ya pili mke wangu hajaweza hata kukaa vizuri, akaja dada mmoja mchangamfu na ubao wa kuandikia. Akasema mtoto hawezi kunyonya bado, kwa hiyo mama akamue kila baada ya saa mbili tatu, mara nane au zaidi kwa siku, la sivyo maziwa yatakata. Hilo ni kweli kabisa, na nesi alishatuambia. Akasema pampu nzuri kwa hali yetu ni ile kubwa ya kukodi, na hilo nalo ni kweli. Kisha akasema, "Bima itashughulikia." Hapo ndipo nilipopaswa kuamka. Badala yake nikauliza nisaini wapi.

Ngoja nieleze karatasi ile ilikuwa na nini, kwa sababu mtego wote umo mle.

Kwanza, namba. Bima za hapa zinazijua pampu kwa namba: E0602 ni ya mkono, E0603 ni ya umeme ya kawaida, E0604 ni ile kubwa wanayoiita ya hospitali. Tofauti ni tarakimu moja, lakini ni dunia mbili. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 inazilazimisha bima nyingi kugharamia pampu kwa kila mama anayejifungua. Ila haisemi ni pampu gani. Bima ndiyo inayoamua kama itakupa ya kukodi au ya kubaki nayo, ya mkono au ya umeme. Kwa E0604 mara nyingi wanataka barua ya daktari inayoeleza kwa nini mama anaihitaji, na wanataka kuombwa ruhusa kabla. Yetu haikuombewa ruhusa. Daktari alikuwa ghorofa moja juu yetu, angeandika barua kwa dakika tano, hakuna aliyemwomba.

Pili, kampuni ile haikuwa kwenye orodha ya wanaolipwa na bima yetu. Hospitali ilikuwemo, daktari alikuwemo, nami nikadhani kila anayepita na kitambulisho shingoni yumo. Hayumo. Mtu anaweza kuingia wodini anatabasamu, ana sare safi, na bado bima yako haimtambui.

Tatu, na hii ndiyo iliyoniumiza zaidi: chini kabisa, kwa herufi za mchanga, niliruhusu kadi yangu ikatwe kila mwezi mpaka mashine itakapopokelewa ofisini kwao. Soma tena hapo. Mpaka itakapopokelewa, hata kama mama ameacha kuitumia au mtoto yuko nyumbani ananyonya mwenyewe. Sisi tulizoea kwamba ukikaa na kitu cha mtu, mwenyewe atakupigia simu, atatuma mtoto, atakusema kwa majirani. Hapa mwenye kitu hakuulizi. Kwa nini akuulize, na kadi inajibu kila tarehe moja?

Narudia kwa mdogo wangu yeyote anayesoma hii amebeba begi la kwenda hospitali: usitoe namba ya kadi wodini. Mwambie mwenye ubao, "Nakushukuru, nitaipigia bima yangu kwanza." Hospitali nyingi zina pampu za kutumia ukiwa bado umelazwa, na siku za mwanzo dang'a hutoka vizuri hata kwa kukamua kwa mkono. Saa mbili za kupiga simu hazitakausha maziwa.

Ukiipigia bima, namba iko nyuma ya kadi yao, waulize haya: mnatoa E0603 au E0604 pia? Kampuni zipi ziko kwenye orodha yenu? Ruhusa ya awali inahitajika? Na swali ambalo mimi sikuliuliza: nikikodi sasa, bado nitapata ya kwangu baadaye, au nitakuwa nimeshatumia haki yangu? Andika jina la aliyejibu, tarehe, na namba ya mazungumzo. Ya umeme ya kawaida unaagiza kwa mtandao, daktari anatuma cheti, inakuja kwa posta. Hilo halina shida.

Sasa, kukodi au kununua? Msimamo wangu ni huu. Mtoto njiti, au mama na mtoto wametenganishwa, au maziwa yanasuasua wiki za mwanzo, kodi ile kubwa. Ina nguvu na imetengenezwa itumike na kina mama wengi, maziwa hayaingii ndani ya mota. Kuinunua mpya ni zaidi ya dola elfu moja, kwa hiyo kukodi kwa mwezi au miezi miwili kuna akili, mradi ruhusa ya bima iko mkononi kwa maandishi. Faneli (kile kikombe kinachokaa kwenye titi), mirija na chupa utanunua vyako. Uliza pia faneli za kipimo gani, maana zinazokuja kwenye boksi si lazima zimtoshe kila mtu, na kipimo kibaya kinaumiza na kupunguza maziwa. Lakini kama mtoto ananyonya na mama anajiandaa tu kurudi kazini, chukua ya bima, ibaki yako, usikodi kitu. Na usibabaishwe na maandishi "ya hospitali" kwenye boksi dukani. FDA, mamlaka inayosimamia vifaa hivi, haina kipimo rasmi cha neno hilo. Uliza kama imekusudiwa kutumiwa na watu zaidi ya mmoja, basi.

Wapendwa nyumbani, na nyie wa kanisani na msikitini huku, nawaheshimu. Mama mkwe wangu alipiga simu kwa nia njema kabisa: "Si kuna binti wa fulani alijifungua mwaka jana? Akupeni yake, mnaichemsha." Mama, faneli inachemka. Mota haichemki. Baadhi ya pampu za mtu mmoja zinaruhusu maziwa au unyevu kupenya hadi kwenye mashine, kuvu na vijidudu vinakaa mahali ambapo hakuna sabuni inayofika. Nimeiona mirija iliyoota madoa meusi kwa ndani, na maneno ya kumwambia binti wa watu sikuyapata. Na anayetaka kuituma nyumbani kwa mdogo wake, umeme wa hapa ni volti 120, wa kwetu ni 230 hadi 240. Angalia chaja imeandikwa nini kabla hujaunguza kitu, ingawa bado ningekushauri usitume.

Usiku kazi yangu ilikuwa kuosha. Saa tisa, taa ya jikoni tu, vali ndogo za mpira zenye mdomo kama wa bata, unazifinya kidogo maji yapite, ukizikwangua zinachanika na pampu inapoteza nguvu yote, mama anadhani maziwa yameisha kumbe ni kipande cha mpira. Tulilia siku mbili nzima kabla nesi hajatuonyesha ule mpasuko mdogo kama unywele.

Nchi hii inanishangaza. Inakupa mashine kwa sheria, halafu haikupi likizo ya uzazi yenye mshahara. Ile FMLA ya 1993, sheria ya likizo ya familia, ni wiki 12 bila malipo, tena uwe umefanya kazi kwa mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 50, kwa mwaka mzima. Wengi wetu tulio kwenye kazi za kutunza wazee hatufikii hapo. Kwa hiyo pampu imekuwa likizo yenyewe: mtoto yuko kwa mlezi, mama yuko kazini anamkamulia. Angalau tangu mwisho wa 2022 sheria ya PUMP inampa mfanyakazi muda na chumba cha faragha kwa mwaka mmoja baada ya kujifungua, na imesema wazi choo si chumba. Meneja akikuonyesha choo, mwambie kwa adabu, kisha mwandikie barua pepe. Hawa watu wanaogopa maandishi kuliko hasira.

Sisi tulikata rufaa. Una siku 180 tangu bima ikukatalie, na barua ya kukataa ndiyo inayoeleza utume wapi. Daktari aliandika ile barua yake ya dakika tano, miezi sita baadaye. Bima ikarudisha sehemu ya miezi miwili ambayo mtoto alikuwa njiti kweli. Ile minne ya kabatini ikabaki yangu, dola 340, na mke wangu hunikumbusha nikinunua viatu. Mashine niliirudisha mwenyewe kwa gari, nikakataa kuondoka mpaka wanipe stakabadhi yenye saa. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Mwezi uliofuata wakakata tena, nikawatumia picha ya stakabadhi, wakarudisha.