Somo: Kumfanya mteja aongeze mboga na matunda kwenye kikapu

Somo hili ni la wenye maduka na mama mboga wenzangu wa Mombasa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na hapo viazi na muhogo havihesabiwi. Wateja wengi washayasikia hayo redioni na kliniki, lakini wanatoka dukani na unga, mafuta na sukari. Naamini kinachowashinda ni swali la jioni: napika nini, na kitaiva saa ngapi? Hapo ndipo tunapoweza kuwasaidia.

Hatua ya 1: Fungasha mapishi mazima. Weka pamoja mchicha, nyanya, kitunguu na nazi, uandike bei moja: "Mchicha wa nazi, watu wanne." Mtu aliyeshuka matatu akiwa amechoka hana haja ya kuzunguka rafu zote. Ijumaa, nyumba nyingi zikipika pilau au biriani, fungasha kachumbari: nyanya, vitunguu maji, dania, pilipili na ndimu. Mteja akiuliza, mweleze kwa ufupi kwamba mafuta ya tui yanausaidia mwili kupata vitamini A kutoka kwenye mchicha, na kwamba ndimu inausaidia kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharagwe. Asipouliza, muuzie tu.

Hatua ya 2: Mpunguzie kazi. Chambua mchicha, twanga kisamvu, katakata sukuma wiki. Osha kwanza, kisha ukate mteja akiwa hapo hapo. Ukikata asubuhi ili uuze jioni, joto letu litakuharibia.

Hatua ya 3: Sogeza matunda kaunta. Mahali panapokaa peremende weka ndizi na machungwa, na bei ionekane. Chenji ikikosekana, muulize mteja kama atachukua ndizi badala ya peremende. Hasa mwenye mtoto mkononi.

Hatua ya 4: Linda ubichi wa mboga na matunda. Mboga iliyonyauka humfukuza mteja hata kesho. Nenda soko la Kongowea au Marikiti mapema, ununue kidogo kidogo. Ndizi mbivu, maembe na mapapai yakae mbali na mboga za majani, kwa sababu yanatoa gesi ya ethilini inayofanya majani yageuke manjano upesi. Majani yanyunyizie maji na uyafunike kwa gunia lililoloweshwa. Nyanya ziache kavu.

Maswali ya wenzetu wa mitaa ya Mombasa

*Likoni:* Shikamoo dada. Wateja wangu wanalalamika matunda ni ghali.

Marahaba mdogo wangu. Wanasema kweli, usibishane nao. Uza ya msimu, papai na tikiti ukate vipande, mwenye shilingi chache naye apate. Halafu kuna nyongeza, ile tuliyoikuta kwa wazee wetu. Hata Detroit kule Marekani, mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa Double Up Food Bucks: familia inayopata msaada wa chakula wa serikali ikinunua mboga na matunda, inaongezewa kiasi kilekile cha kununulia mengine. Sisi hatuna mfadhili, ila mtu akinunua mafungu mawili ya mchicha, mtilie mkono mmoja wa mchicha juu yake. Atarudi.

*Kisauni:* Mchicha ukibaki jioni nifanyeje?

Baada ya alasiri punguza bei, uitangaze kwa sauti. Usiku ukibaki, pika kwako. Usiuchanganye kamwe na wa kesho, mteja anajua.

*Changamwe:* Watoto wanataka juisi za pakiti tu. Niache kuziuza?

Hilo ni lako, biashara ina mahesabu yake. Ila zishushe rafu ya nyuma, na mbele yao weka machungwa yaliyomenywa. Tunda zima lina nyuzinyuzi na linashibisha kuliko juisi.

*Majengo:* Nina mteja mzee, ana kisukari. Akitaka embe nimkatalie?

Usimkatalie, wala usijifanye daktari. Kisukari hakimkatazi mtu matunda yote. Kiasi ndicho cha kuangalia, na ale tunda lenyewe kuliko juisi yake. Mkatie kipande kidogo, umkumbushe aulize kliniki anakotibiwa. Kisha muoneshe bamia, biringani na mchicha. Mboga hizo mfungashie za kutosha.