Somo: Namna ya kuomba ushuru wa soko ujenge mfereji (Lubumbashi, Kongo)

Ndugu zangu, kila mvua ya kwanza ikinyesha napata ujumbe uleule: "Yaya, tuombe mji uweke takisi juu ya kila kitu kinachouzwa, tupate pesa ya mifereji?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Naandika yote hapa.

1. Chagueni kazi moja: mfereji wa upande fulani wa soko, au vyoo, au taa. "Maendeleo ya mji" si kazi.

2. Tafuteni ushuru ulio tayari ndani ya sheria. Hapa ndipo nilipoanguka. Mara ya kwanza nilizunguka na karatasi majuma matatu, wauzaji wakatia sahihi, nikaomba asilimia moja iongezwe juu ya mauzo yote ya soko. Ofisini walisoma mistari miwili wakanirudishia, na walikuwa na haki. Kodi ya mauzo ipo: ni TVA (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 16, iliyochukua nafasi ya ICA, kodi ya mauzo ya zamani, tangu 1 Januari 2012, nayo ni ya Serikali kuu. Kifungu cha 174 cha Katiba ya 2006 kinasema kodi inawekwa kwa sheria tu. Yale ambayo provinsi, mji na komini (sehemu za mji) zinaruhusiwa kutoza yameorodheshwa katika Ordonansi-Sheria nambari 18/004 ya 13 Machi 2018. Jina la takisi yako lisipokuwemo, usipoteze wino.

Onyo: hata sheria ingekubali, mama mwenye mafungu ya nyanya hana mashine wala daftari. Mauzo yake utayajuaje? Mkusanyaji atakisia, na akikisia, mazungumzo ya pembeni yanaanza. Onyo kubwa zaidi: msikusanye sahihi kabla ya kusoma sheria. Niliporudi mara ya pili, wamama wengi walinigeuzia mgongo. Walishaniamini mara moja.

Basi ombeni kuhusu takisi ya meza, ile ya etalaje inayolipwa kila siku.

3. Hesabuni meza asubuhi na jioni, siku ya kazi na Jumapili. Tuseme mmepata meza 400 na kila moja inalipa franka 500. Usiandike 400 mara 500! Wengine wamefiwa, wengine hawakupata bidhaa. Chukueni 270: ni franka 135,000 kwa siku, na kwa siku 26 ni 3,510,000. Hesabu ndogo inayotimia inawapa nguvu mwaka unaofuata.

4. Barua iwe ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, kwa bugumestre, mkuu wa komini. Nakala ya Kiswahili ibaki sokoni, wanaolipa wajue kilichoandikwa kwa jina lao. Tajeni kifungu cha 27 cha Katiba: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa, peke yake au pamoja na wengine, na lazima ajibiwe ndani ya miezi mitatu.

5. Pelekeni nakala mbili. Ya pili igongwe kashe (muhuri) na tarehe, mrudi nayo. Bila kashe, miezi mitatu haina mwanzo.

6. Mwaka wa bajeti unaanza 1 Januari. Pelekeni katikati ya mwaka, si Desemba.

MASWALI

Kijana wa Ruashi: Yaya, kwa hiyo tunaweza kuomba asilimia mbili ya mauzo?
— Hatua ya 2. Soma yote.

Mama Biashara: Sisi tunalipa kila siku na matope yako palepale. Wewe unataka kutuongezea mzigo?
— Hapana, mama, na sitakubali isemwe hivyo. Sijaandika popote kwamba kiwango kiongezwe. Naomba pesa mnayolipa tayari ionekane chini ya miguu yenu. Na kila anayelipa adai kitansi (risiti). Isipotoka, pesa hiyo haijaingia komini.

Mwanafunzi wa Kampemba: Je, tunaweza kudai takisi ya meza ifungwe kwa mfereji peke yake?
— Swali zuri sana, nami lilinichukua muda. Sheria ya fedha za umma, nambari 11/011 ya 13 Julai 2011, inafuata kanuni kwamba mapato yote yanaingia chungu kimoja. Kwa hiyo usiandike "pesa hii iwe ya mfereji tu." Andika: "tunaomba mstari wa matumizi kwa mfereji wa soko, wa kiasi hiki," ukionyesha kwamba meza zinaleta zaidi ya hapo. Wakikubali, mstari huo unasomeka, nanyi mnaweza kuulizia mwishoni mwa mwaka. Ukitaka, niletee rasimu tuisome pamoja.

Kaka wa Katuba: Mbona Marekani miji inaweka kodi ya mauzo yake yenyewe?
— Majimbo mengi kule yanaruhusu mji au kaunti kuongeza sehemu yake juu ya kodi ya jimbo, na mara nyingi wananchi wanapiga kura kwanza. Alaska haina kodi ya mauzo ya jimbo, lakini miji yake inaweza kutoza. Hapa mlango huo haupo, ila kuna jambo la kuiga: kule kodi nyingi za namna hiyo zina tarehe ya mwisho. Nasi ombi letu liwe na tarehe ya kutoa hesabu mbele ya wauzaji.

Mzee wa Kenya (komini yetu ya hapa Lubumbashi): Na ile asilimia 40?
— Idaini, mzee. Kifungu cha 175 cha Katiba kinaipa provinsi 40 kwa mia ya mapato ya kitaifa, na sheria 08/016 ya 7 Oktoba 2008 inataka 40 kwa mia ya sehemu hiyo ishuke hadi miji, komini, sekta na usultani. Ni barua nyingine, usizichanganye.

Mama Biashara: Sawa, nimeelewa. Kuhusu kuhesabu meza: usitume vijana na kalamu, watu watafikiri ni wakusanyaji na watafunika bidhaa. Umuulize mama mkubwa wa kila mstari. Anajua hata nani amelazwa.
— Aksanti, mama. Naongeza kwenye hatua ya 3 sasa hivi.