Namna ya Kulinda Matibabu Yako Sheria za Uhamiaji Zinapobadilika Marekani

Kabla hujahangaishwa na tetesi, toa kibali chako cha kazi na usome msimbo wa kundi lako. A03 ni mkimbizi, A05 ni aliyekwisha kupewa hifadhi, A12 ni mwenye ulinzi wa muda, na C08 ni anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi. Majirani wawili waliotoka kambi moja wanaweza kuwa na misimbo tofauti, na kwa hiyo haki tofauti kabisa za matibabu.

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inawagusa hasa wakimbizi na waliopewa hifadhi, kwani kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 wengi wao walio watu wazima hawastahili tena Medicaid ya kawaida (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) mpaka wapate ukaazi wa kudumu, na kuanzia tarehe 1 Januari 2027 wanakosa pia ruzuku ya kununulia bima. Mkimbizi aliyetimiza mwaka 1 nchini asikawie basi kuomba ukaazi huo, ambao sheria inamtaka auombe hata hivyo. Akiupata, halazimiki kusubiri Medicaid kwa ile miaka 5 ambayo sheria ya mwaka 1996 inawawekea wakaazi wengine wengi. Risiti ya ombi aitunze vizuri, ila ajue kwamba risiti si kadi ya ukaazi.

Ukisikia kanuni mpya, uliza kwanza kama ni pendekezo tu au imeanza kutumika, maana pendekezo hupitia maoni ya umma na kanuni nyingi husimamishwa mahakamani. Inaniuma sana mama mjamzito anapoacha kliniki kwa kuogopa jambo ambalo bado halijawa sheria. Usijitoe kwenye bima kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji, na barua ya Medicaid uifungue siku ileile, kwa sababu muda wa kukata rufaa ni mfupi. Ukihama, iarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, kisha uiarifu ofisi ya Medicaid kivyake.

Ukizidiwa ghafla, nenda hospitali. Tangu mwaka 1986, karibu kila hospitali yenye kitengo cha dharura inalazimika kumpima yeyote anayefika na kuituliza hali yake, awe na hati au asiwe nazo. Ukifika, omba mkalimani wa Kiswahili, ambaye hutakiwi kumlipa. Usimwachie mtoto wako kazi ya kumweleza daktari maumivu yako.