Ofu ya katikati ya wiki: jinsi ya kuifuatilia kaunti kwa siku moja

Sikukuu za kitaifa za Kenya zina kasoro ambayo wengi hawaifikirii. Madaraka, Mashujaa, Jamhuri, ofisi zote hufungwa. Ukitaka kuuliza pesa za maji ya mtaani kwenu zimekwendaje, Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba, utakutana na kufuli na askari wa getini. Ndiyo maana nasema mlinzi, mhudumu wa hoteli au keshia wa supamaketi, ambaye ofu yake, yaani siku yake ya kupumzika, huangukia Jumanne au Jumatano, ana nafasi ambayo karani wa benki hana. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Wengi wetu siku hiyo hufua na kulala, na sina ugomvi na hilo, mwili una haki yake. Lakini ofu moja katika miezi mitatu inatosha kwa kazi ninayoieleza hapa.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja, kisha ujue ni la nani

Jambo moja tu. Anayekwenda na malalamiko ya barabara, taka, karo na maji kwa pamoja husikilizwa vizuri, hupewa kiti, na hurudi nyumbani mikono mitupu.

Hapa ndipo ofu nyingi hupotea: mtu huamkia ofisi isiyohusika. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Zahanati, vituo vya afya, huduma za maji, barabara za kaunti, masoko na chekechea ni za kaunti. Shule za msingi na za upili, polisi na vitambulisho ni vya serikali kuu. Darasa la shule ya msingi lililokwama kwenye lenta mara nyingi ni pesa za NG-CDF, hazina ya serikali kuu ya maendeleo ya maeneo bunge, kwa hivyo anza na ofisi ya hazina hiyo katika eneo bunge lenu. Kumwandama MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, kwa darasa hilo ni kumpa nafasi ya kusema, kwa haki kabisa, "hilo si langu." Vilevile chifu ni mtu wa serikali kuu. Mwenzake upande wa kaunti ni msimamizi wa wadi, na huyo ndiye wa kumwona kwa habari za zahanati.

Hatua ya 2: Usiku wa kuamkia ofu, tafuta karatasi

Usijaribu kuisoma bajeti ya kaunti yote, utalala ukurasa wa nne. Fungua faili yake kwenye simu, andika jina la wadi yako kwenye sehemu ya kutafuta, usome mistari inayotokea. Andika daftarini jina la mradi kama lilivyoandikwa humo, pamoja na kiasi kilichotengwa. Karatasi nyingine yenye manufaa ni ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, inayotoka kila robo mwaka na kuonyesha kila kaunti imetumia kiasi gani cha ilichopangiwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hutoa yake, ila hiyo ni ya mwaka uliokwisha.

Hatua ya 3: Asubuhi, nenda ukaone kwa macho

Kabla ya ofisi, nenda kwenye mradi wenyewe. Kama kuna kibao, kipige picha: jina la mradi, mkandarasi, muda wa kazi. Piga picha ya kazi ilipofikia, ukiacha nyuso za watu nje ya picha. Zungumza na wanaoishi jirani. Bi mkubwa anayeuza viazi karibu na mradi atakwambia mafundi waliondoka lini kwa uhakika kuliko ripoti yoyote.

Hatua ya 4: Barua

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Maneno ya mdomo kwenye kaunta huyeyuka. Barua iliyogongwa muhuri haiyeyuki. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka utaratibu. Unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili, na kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kudaiwa gharama ya nakala tu. Mfano:

*Kwa Katibu wa Kaunti. Kuh: Ombi la habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi ya … Naomba nakala za (1) mkataba wa mradi wa …, (2) hati za malipo yote aliyolipwa mkandarasi hadi leo, (3) cheti cha kukamilika kwa kazi, kama kimetolewa. Naomba kujibiwa ndani ya siku 21 kama sheria inavyotaka.*

Jina, nambari ya simu, sahihi, tarehe. Basi. Usiandike "mmekula pesa." Hujui bado, na neno hilo litampa afisa sababu ya kujadili adabu zako badala ya mkataba. Omba hati zenye majina, kwa sababu ukiomba "maelezo kuhusu mradi" utapewa maelezo, tena matamu.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele ya macho yako. Ukiambiwa "acha tu hapo, tutagonga baadaye," keti usubiri. Hiyo ndiyo faida ya ofu, una siku nzima.

Hatua ya 5: Mchana, kama nguvu zipo

Kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti likae hadharani. Beba kitambulisho, uliza kama kuna kikao, ukae upande wa wageni umsikilize mwakilishi wako. Mara nyingi utachoka. Nenda angalau mara moja.

Hatua ya 6: Weka tarehe kwenye simu

Siku 21 kuanzia muhuri. Afisa anaweza kuongeza muda mara moja, usiozidi siku 14. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu ni ndani ya saa 48. Ukinyamaziwa hadi muda uishe, sheria inahesabu kuwa umekataliwa, nawe una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Hapo ndipo muhuri utakapofanya kazi yake.

Tena weka tarehe za bajeti, maana baada ya pesa kugawanywa kilio chako huwa cha mwaka ujao. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Vikao vya ushiriki wa umma huzunguka tarehe hizo, na mara nyingi tangazo hutoka siku chache tu kabla.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mlinzi, Nyali: Bosi akiniona kwenye picha za kikao, si atanifukuza?

Sheria ya Ajira haikubali msimamo wa kisiasa kuwa sababu halali ya kumfukuza mtu. Hata hivyo mahakamani ni mbali, kaka. Usiende na yunifomu, usijitambulishe kwa jina la kampuni, na usiombe ruhusa ya kazini kwa jambo unaloweza kulifanya siku yako.

Mhudumu wa hoteli, Diani: Mamangu ndiye anayeijua zahanati yetu lakini hajui kuandika.

Aende mwenyewe aseme. Sheria inamtaka afisa wa habari amsaidie asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, ili ombi liwekwe katika maandishi. Wewe msindikize ili muhuri usisahauliwe.

Mwanachama, Malindi: Niliulizwa "unazitaka za nini, nani amekutuma?" Nikajibuje?

"Nimejituma." Sheria inasema haki yako haiathiriwi na sababu yako ya kutaka habari. Lijibu kwa upole, usigombane na karani. Pengine yeye naye ameambiwa aulize.

Mwanachama aliye Doha: Mimi ofu yangu ni Ijumaa na niko mbali. Nafanya nini?

Haki ni ya raia, haisemi raia awe amesimama wapi. Tuma ombi kwa barua pepe na uhifadhi ile uliyotuma. Huko uliko sheria za mikusanyiko ni nyingine kabisa, kwa hivyo kazi yako iwe ya karatasi za nyumbani.

Kijana, Likoni: Barua zimekwama. Tukitaka kuandamana siku ya ofu?

Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha. Sheria ya Utengamano wa Umma inataka taarifa ya maandishi kwa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Ni taarifa, si kuomba ruhusa, nayo pia igongwe muhuri. Nikikushauri kama mdogo wangu, maliza njia ya Ombudsman kwanza. Mtakaposimama barabarani mtakuwa na barua ya kuonyesha.

Mwanachama, Tanga: Na sisi huku?

Tanzania nayo ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na muda wa kujibu ni siku 30. Ila kwa vijijini ningeanza na mkutano mkuu wa kijiji, ambao mkazi yeyote mwenye miaka 18 ni mjumbe wake. Mapato na matumizi yaulizwe pale.

Mama mboga, Kisauni: Nyote mnazungumza ofu. Mimi nisipofungua kibanda siku moja, hatuli.

Dada, wewe usiende popote. Tafuta jirani mmoja mlinzi au mhudumu mwenye ofu ya Jumanne. Wewe unajua bomba limekauka tangu lini na nani hulipia maji ya mkokoteni, yeye ana mguu wa kwenda ofisini. Ombi liandikwe kibandani kwako usiku, liwe na sahihi zenu wote wawili, yeye alipeleke. Na nakala yenye muhuri ikae kwako, si kwake, kwa sababu walinzi huhamishwa.