Kujitolea ng'ambo kama mzamiaji wa matumbawe: hatua nilizopita kutoka Mafia hadi Negros

Kila mwaka wageni huja kujitolea kwenye miamba yetu. Wanazama Mafia, Unguja, Diani, wanahesabu samaki, wanaondoka. Vijana wanaowabebea mitungi na kuwaongoza chini ya maji huniuliza: je, na sisi tunaweza kwenda kwa wenzetu? Tunaweza. Mimi nilikwenda wiki kumi katika jimbo la Negros Oriental, Ufilipino, baada ya miaka minne ya kuongoza wazamiaji huku nyumbani. Shirika nililofanya nalo kazi silitaji, maana nataka uchague la kwako kwa vigezo. Yafuatayo ndiyo niliyotamani mtu angeniambia kabla sijaenda.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kufanya kazi gani

Miradi mingi ya matumbawe ina kazi za aina tatu. Ya kwanza ni kupima: unahesabu samaki, wanyama wengine na matumbawe kwenye mstari uleule mwaka hadi mwaka. Ya pili ni bustani za matumbawe, ambako vipande hai hukuzwa kwenye kamba au fremu kisha hupandikizwa mwambani. Ya tatu ni kuondoa adui anapozidi, hasa yule kiti cha pweza (nyota ya bahari) mwenye miiba anayekula matumbawe.

Picha za matangazo huonyesha ile ya pili, kwa sababu inapendeza machoni. Mimi nakushauri uanze na ya kwanza. Bustani iliyopandwa mahali ambapo chanzo cha uharibifu hakijaondolewa, iwe baruti, majitaka au joto, itakufa kama ule mwamba wa kwanza ulivyokufa. Bila vipimo, hakuna atakayejua imekufa lini wala kwa nini.

Hatua ya 2: Uliza maswali kabla hujalipa hata shilingi

Miradi mingi humtoza anayejitolea malipo ya chakula, malazi, mitungi na mafunzo. Hilo peke yake si kosa, kwa kuwa boti na kompresa vina gharama. Kosa ni kulipa bila kujua kazi yako inaishia wapi. Niliandika barua pepe kwa miradi sita nikiwauliza mambo manne: takwimu anapewa nani? Mstari wa kupimia ni uleule kila mwaka? Wenyeji wangapi wanalipwa mshahara kwenye mradi? Kituo cha karibu chenye chumba cha mgandamizo cha kutibu wazamiaji kiko wapi? Wawili walijibu yote manne. Mmoja alinitumia jina la ofisi ya manispaa inayopokea ripoti, na huko ndiko nilikokwenda.

Nilichagua eneo lile kwa historia yake pia. Karibu na Negros kuna visiwa viwili vidogo ambavyo kila mpima miamba anapaswa kuvijua. Sumilon ilifungwa kwa uvuvi kwenye sehemu ya mwamba wake mwaka 1974. Ulinzi ulipovunjika mwaka 1984, mavuno ya wavuvi yakashuka. Kisiwa cha Apo kilifuata mwaka 1982, pale wanakijiji walipokubaliana na mwanabiolojia wa bahari Angel Alcala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Silliman, mjini Dumaguete, kufunga kipande cha mwamba upande wa kusini-mashariki. Samaki waliongezeka, na wavuvi wenyewe wakawa walinzi. Kisha tufani za Desemba 2011 na Desemba 2012 zikavunjavunja matumbawe ya sehemu ileile iliyofungwa. Kwa kuwa watu walikuwa wakihesabu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliweza kusema kwa uhakika kipi kilivunjwa na dhoruba na kipi kilitokana na uvuvi. Hiyo ndiyo thamani ya kuhesabu, na ndiyo iliyonifanya nivuke bahari.

Hatua ya 3: Jifunze kutulia majini hadi usiguse kitu

Cheti cha mwanzo cha uzamiaji, Open Water, kinakuruhusu mita 18, na kinachofuata, Advanced, mita 30. Kwa kupima miamba, kina si tatizo, kwani sehemu kubwa ya kazi haizidi kina cha mita 12. Tatizo ni kuelea. Anayepima anakaa muda mrefu sentimita chache juu ya matumbawe, kichwa chini, kibao cha kuandikia mkono mmoja, penseli mkono wa pili. Pezi likigusa tumbawe la matawi mara moja, umevunja ukuaji wa miaka.

Fanya mazoezi haya kabla ya kuondoka, mahali penye mchanga mtupu. Elea mita moja juu ya mchanga kwa dakika tano bila kutumia mikono wala kugusa kitufe cha kujaza hewa kwenye jaketi. Pumzi peke yake ikupandishe na kukushusha. Ukiweza, shika kibao na uandike majina kumi ya samaki bila kubadilisha kina. Ukiweza na hilo, piga mapezi kinyumenyume mpaka urudi nyuma mita mbili. Hili la kurudi nyuma ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, na ndilo nililolitumia kila siku kule. Punguza pia vipande vya risasi vya uzito kiunoni. Wengi wetu tulizoea kubeba nyingi kwa sababu tulifundishwa kushuka haraka tukiwa na mgeni.

Hesabu hewa yako vilevile. Kama mtungi wa lita 12 wenye mgandamizo wa baa 200 unakuishia wenzako wakiwa bado na nusu, timu nzima inapanda kwa ajili yako na mstari unabaki haujakamilika.

Hatua ya 4: Jifunze samaki upya, kwa macho ya kuhesabu

Hapa mtoto wa pwani ana utajiri. Mimi nimekulia Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia, mama yangu akichokoa pweza kila bamvua, na nilijua pono, chewa, mlea, tasi na mkunga kabla sijajua kusoma. Lakini jina la nyumbani halitoshi. Pono wetu kwa wengine ni kangu, na neno changu linabeba samaki wa aina nyingi. Tengeneza daftari lenye safu tatu: jina la kwenu, jina la Kiingereza, jina la kisayansi. Jina la kisayansi ndilo litakaloeleweka Negros, Mafia na Madagaska.

Habari njema ni kwamba njia nyingi za kupima hazidai ujue kila samaki. Reef Check, mpango wa kimataifa wa kupima miamba ulioanzishwa mwaka 1996 na kufanya upimaji wake wa kwanza wa dunia mwaka 1997, unachagua viumbe viashiria: samaki vipepeo, milea, chewa, pono, mikunga, kamba koche, majongoo ya bahari, makombe makubwa na wengine wachache. Hao ndio wanaovuliwa au kuathirika kwanza, kwa hiyo idadi yao inasimulia hali ya mwamba.

Ugumu uko kwenye urefu. Chewa anahesabiwa akizidi sentimita 30, pono akizidi 20. Chini ya maji, kioo cha miwani hufanya kila kitu kionekane kikubwa kwa karibu theluthi moja na kiwe karibu kuliko kilivyo. Katika jaribio langu la kwanza nilipitisha chewa saba, na watatu kati yao hawakustahili. Kata vipande vya bomba la plastiki vya sentimita 10, 20, 30 na 40, mwenzako avitawanye mchangani, wewe ukisie kutoka mita mbili na nusu, kisha upime. Rudia mpaka kosa lako lishuke chini ya sentimita tano. Nilifanya hivyo jioni nne mfululizo.

Hatua ya 5: Karatasi, afya na fedha

Viza: usidhani ruhusa ya mtalii inatosha. Nchi nyingi huhesabu kujitolea kama kazi, na hata kwetu Tanzania mgeni anayejitolea anahitaji kibali. Mwombe mwenye mradi akuandikie barua inayotaja aina ya viza unayopaswa kuwa nayo, uipeleke ubalozini kabla ya kukata tiketi. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiiache, maana ukitoka Afrika Mashariki utaulizwa kwenye viwanja vingi vya ndege.

Pima masikio na mapafu kwa daktari, umweleze kwamba unazamia. Kama utahitaji dawa ya kuzuia malaria, mwambie pia, kwani mefloquine haiwafai wazamiaji. Kata bima ya uzamiaji kama ile ya DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi ajali za mgandamizo.

Beba miwani yako, mapezi yako na kompyuta yako ya kuzamia. Mengine utayakuta. Kuhusu fedha, waulize kama mwenye cheti cha Divemaster, yaani kiongozi wa wazamiaji, hupunguziwa malipo kwa kusaidia kuongoza. Mimi nilipunguziwa, na sikuona mahali tangazo lilipolisema.

Hatua ya 6: Siku ya kupima

Kule boti ni bangka, yenye marengu pande zote mbili kama ngalawa, na nilipoiona mara ya kwanza nilisimama ufukweni nikiitazama kwa muda. Mzee anayeiongoza humwiti kwa jina tupu. Unatanguliza Manong, na mama mtu mzima unamwita Manang, kama sisi tunavyosema kaka, mzee, bibi. Salimia kwanza, kisha pakia mitungi.

Chini ya maji kazi inakwenda hivi. Mtu wa kwanza anatandaza utepe wa mita 100 kwenye kina kilekile, sambamba na ufuko. Utepe unagawanywa vipande vinne vya mita 20, na kati ya kipande na kipande zinaachwa mita tano. Baada ya kutandaza, ondokeni na msubiri dakika 15 ili samaki warudi kwenye shughuli zao. Kwa mtu mwenye hamu dakika hizo ni ndefu, lakini ukizifupisha hesabu yako itakuwa ya samaki waliotishika.

Mhesabu samaki anatangulia na mwenzake mmoja tu, wengine wakibaki nyuma. Anahesabu ndani ya sanduku la kufikirika lenye upana wa mita tano, utepe ukiwa katikati, na kimo cha mita tano. Anakwenda taratibu, anasimama kila mita tano. Samaki anayekuja kutoka nyuma na kukupita usimwandike, kwa kuwa huenda umeshamhesabu.

Anayefuata anahesabu majongoo, kamba koche, makombe na viumbe wengine wa chini, akichungulia mapangoni. Wa mwisho anasoma sakafu. Nilipangiwa kazi hii kwa wiki sita na niliipenda kuliko zote. Unashika timazi ndogo, yaani nati ya chuma kwenye uzi, unaishusha kila nusu mita na kuandika inapogusa: HC kwa tumbawe gumu, SC kwa tumbawe laini, SD mchanga, RB vifusi, RC mwamba, na kuendelea. Kila kipande kina pointi 40, kwa hiyo mstari mzima ni 160.

Wanaoanza hukosea sehemu mbili. Tumbawe lililopauka likawa jeupe bado ni hai. Limewapoteza tu vijimea vinavyolilisha na kulipa rangi kwa sababu ya joto, na linaweza kupona maji yakipoa mapema. Liandike HC na uweke alama ya kupauka. Lililokufa karibuni, jeupe lisilo na nyama, lina alama yake, RKC. Pili, kipande kilicholegea cha chini ya sentimita 15 ni kifusi, kikizidi hapo ni mwamba. Mahali palipopigwa baruti, tofauti hiyo ndiyo ushahidi wako.

Pandeni mkiwa na akiba ya baa 50, msimame mita tano kwa dakika tatu. Nakili kibao chako kwenye fomu siku hiyohiyo kabla ya kula.

Hatua ya 7: Kazi nyingine utakazopewa

Kwenye bustani utasugua mwani kwa mswaki, saa nzima, bila kugusa tumbawe lenyewe. Kwa kiti cha pweza mwenye miiba, tulitumia sindano ndefu yenye mililita 20 za siki ya kawaida, badala ya kumkata au kumtoa ovyo, maana miiba yake ina sumu. Wakiwa wachache waache, ni sehemu ya mwamba. Wanaodungwa ni wale waliofurika.

Hatua ya 8: Kurudi

Mzamo wa mwisho uwe angalau saa 18 kabla ya ndege. Omba nakala ya takwimu ulizokusanya na barua inayotaja idadi ya mizamo na mafunzo uliyofaulu. Hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango wa mradi unaofuata, au wa kazi ya kulipwa hukuhuku. Ukitaka kupima ndani ya hifadhi ya bahari kwetu, omba kibali kwanza, kisha wajulishe viongozi wa kijiji na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari.

Mimi nilirudi na fomu tupu zilizochapwa. Jioni moja nilikaa na mama barazani nikamsomea orodha ya viumbe viashiria nikimwonyesha picha. Alinitajia majina manne ambayo sikuwahi kuyasikia, na kwa kila moja akaeleza alilikuta jiwe gani, maji yakiwa yametoka kiasi gani. Tumeyaandika kwenye safu ya kwanza ya daftari, na mstari wetu wa kwanza Jibondo tuliuweka karibu na jiwe moja kati ya yale aliyoyataja.