Namna ya kuhakiki programu inayotegemea bahati ya mtandao

Programu inayotuma uzani wa kamba wa baharini kutoka Kizingitini, kisiwani Pate, hadi kwa mnunuzi Amu (Lamu) mjini, ukiijaribu mezani itafanya kazi vizuri tu. Kuijaribu mara mia hakukwambii kitu juu ya masika, mnara unapozima. Swali la kuuliza ni moja: ujumbe utafika kwa uwezekano gani? Hilo hujibiwa kwa hesabu, na kompyuta yoyote ya kawaida inatosha. Yangu hapa Langoni ni kuukuu, na inaweza.

Chombo ninachotumia ni PRISM, programu ya kukokotoa uwezekano wa namna hiyo, kilichoanzia Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kwa kazi ya Marta Kwiatkowska, Gethin Norman na Dave Parker. Ni cha bure, kinataka Java tu. Kipo pia Storm, kilichotengenezwa Aachen, Ujerumani, nacho husoma faili zilezile.

Anza kwa kuieleza programu yako kama hali na mapito baina ya hali; maelezo hayo ndiyo modeli. Yangu hutuma uzani, usipofika hurudia, na majaribio yakiisha humwambia mwenye mizani apige simu. Tuseme kila jaribio hufaulu kwa 0.7:

dtmc
const int N;
module ujumbe
  hali : [0..2] init 0; // 0 unatumwa, 1 umefika, 2 basi
  n : [0..N] init 0;
  [] hali=0 & n<N -> 0.7:(hali'=1)&(n'=n+1) + 0.3:(n'=n+1);
  [] hali=0 & n=N -> (hali'=2);
  [] hali>0 -> true;
endmodule

Neno dtmc huiambia PRISM kwamba kila hatua ina uwezekano wake uliotajwa. N ni idadi ya majaribio yanayoruhusiwa, n ni yaliyokwisha kufanywa. Kile kialama (') mwishoni mwa jina maana yake ni thamani mpya. Mstari wa mwisho kabla ya endmodule usiuache, la sivyo PRISM itakuonya kwamba kuna hali isiyo na pa kwendea.

Sasa uliza. Maswali huandikwa kwa PCTL, mantiki waliyoieleza Hans Hansson na Bengt Jonsson wa Uswidi katika makala yao ya 1994:

P=? [ F hali=1 ]

Yaani, uwezekano wa kuifikia hali 1 hatimaye ni ngapi? N ikiwa 3, jibu ni 0.973. Likague kwa mkono: kushindwa mara tatu ni 0.3 × 0.3 × 0.3, yaani 0.027. Modeli ikiwa ndogo hivi, fanya hivyo kila mara. Majibu yasipolingana, kosa limo kwenye uandishi wako, wala usianze kukilaumu chombo.

Hapo wengi hufunga kompyuta. Mimi nilimwonyesha bibi mmoja mnunuzi wa kamba ile 0.973, akacheka. "Mwanangu, mtandao wa Kizingitini ukipotea haupotei kidogo. Hupotea mpaka ukasahau." Hajasoma hesabu za uwezekano, lakini aliligusa lile lile linaloharibu modeli nyingi: nimechukulia kwamba kila jaribio linajitegemea, kana kwamba mnara hutupa sarafu upya kila dakika. PRISM haitakukatalia. Huthibitisha kile ulichokiandika, si kile kilichopo Pate.

Kwa hiyo rudi kwenye kumbukumbu za programu yako, mahali ilipotuma kwa nafasi zilezile za muda. Andika F kwa uliofika, H kwa usiofika. Mathalani:

FFFHHHHFFF

Ukihesabu kwa jumla, H ni 4 kati ya 10. Lakini tazama kinachofuata baada ya kila H: H tena mara 3 kati ya 4. Hesabu hizo mbili zikiachana namna hiyo, usizichanganye. Bila shaka herufi kumi hazitoshi, kusanya za msimu mzima, mvua na kiangazi.

Tuseme ukapata kwamba jaribio la kwanza hushindwa kwa 0.3, ila linalofuata kushindwa hushindwa kwa 0.8. Gawa ule mstari wa kutuma uwe miwili:

  [] hali=0 & n=0 -> 0.7:(hali'=1)&(n'=n+1) + 0.3:(n'=n+1);
  [] hali=0 & n>0 & n<N -> 0.2:(hali'=1)&(n'=n+1) + 0.8:(n'=n+1);

Majaribio ni yaleyale matatu, na jibu limeshuka hadi 0.808. Mnunuzi akitaka angalau 0.9, andika P>=0.9 [ F hali=1 ], PRISM itakujibu ndiyo au siyo, kisha iache ipandishe N yenyewe kwenye sehemu yake iitwayo experiments. Kwa modeli ya kwanza, N ya 2 ingetosha. Kwa hii unahitaji 6, nayo inapita kwa taabu: 0.902.

Na kama ile 0.8 ni ya mvua, kiangazi ikawa 0.5? Usichukue wastani. Badilisha dtmc iwe mdp, yaani modeli ambayo hatua moja yaweza kuwa na chaguo zaidi ya moja, ongeza mstari mwingine wenye sharti lilelile la ule wa 0.8 lakini na namba za kiangazi, uulize Pmin=? badala ya P=?. Itachukua hali mbaya kuliko zote. Ukisahau kubadilisha neno la juu, PRISM itaichukua mistari hiyo miwili kwa nusu kwa nusu, na utapata jibu zuri lisilo la kweli.

N yangu nimeiweka 6. Betri inaisha haraka kidogo, lakini mwenye mizani ana sola juu ya banda.